Bahari Yetu Haina Baridi? Tumtazame Mtoto, Si Maji

Likizo zinapofika, familia nyingi hupanga matembezi ya baharini. Wengine hupanda boti Dar es Salaam kwenda visiwa vya Mbudya na Bongoyo. Wengine hutoka mjini Zanzibar kwenda Changuu au Chumbe, na kwa majirani zetu wa Kenya wapo wanaotoka Shimoni kwenda kuona matumbawe ya Kisite. Siku hizi si wageni peke yao wanaovaa miwani ya kuzamia na mrija wa kupumulia ili watazame samaki. Watoto wetu nao wanavaa, na ni jambo la kufurahisha, kwa kuwa bahari hii ni yao.

Kabla ya kushuka majini, mara nyingi mama huuliza, "Maji hayana baridi?" Naye baba, au nahodha, hujibu, "Bahari yetu ni ya joto, mama, waache waogelee." Jibu hilo ni kweli, lakini ni nusu ya kweli. Katika ukurasa huu wa afya tunapenda kuzungumzia ile nusu nyingine, kwa sababu ndiyo inayoweza kuhatarisha maisha ya mtoto.

JOTO LA BAHARI HUBADILIKA

Kando ya pwani yetu maji ya juu ya bahari huwa na joto kubwa zaidi mwezi Machi na Aprili, kaskazi inapomalizika. Wakati huo hufikia nyuzi joto 29 hivi za Sentigredi, na miaka mingine huzidi kidogo. Kusi inapoanza kuvuma, maji huanza kupoa. Kati ya Julai na Septemba hushuka hadi nyuzi joto 25 au 26, kwa sababu jua limehamia upande wa kaskazini na upepo wenye nguvu huivuruga bahari na kuipunguzia joto. Ifikapo Desemba maji yamepanda tena hadi nyuzi joto 28 hivi.

Wazazi watambue kwamba likizo ya Juni na Julai huku Tanzania, na ile ya Agosti kule Kenya, huangukia majira hayo hayo ya maji kupoa na upepo kuvuma. Watoto wengi wa bara huiona bahari kwa mara ya kwanza wakati huo.

Pengine mtu atasema kwamba nyuzi joto 25 si baridi. Basi tulinganishe. Mabwawa ya mashindano ya kimataifa ya kuogelea hutakiwa kuwa na maji ya nyuzi joto 25 hadi 28, kwa ajili ya vijana wenye misuli wanaokwenda mbio na kutoa joto jingi. Mabwawa ya kuwazoeza watoto wachanga maji hupashwa moto hadi nyuzi joto 32 hivi. Kwa hiyo bahari yetu ya mwezi Agosti inamfaa zaidi mwanariadha kuliko mtoto wa miaka mitatu.

KWA NINI MAJI YA JOTO HUPOZA MWILI

Mwili wa binadamu mwenye afya una joto la nyuzi 37 hivi. Hewa ya nyuzi joto 27 haitusumbui, na tena twaiona nzuri. Lakini maji ya nyuzi joto hizo hizo huvuta joto la mwili kwa kasi inayozidi ya hewa zaidi ya mara 20. Chukua chupa mbili za soda zilizokaa juani, moja uiweke mezani na nyingine uitie katika ndoo ya maji. Utaona ni ipi itakayopoa kwanza. Ndivyo ilivyo kwa mwili. Maji yoyote yaliyo chini ya joto la mwili huuibia mwili joto, hata kama ngozi imeyazoea na kuyaona mazuri.

Mtoto hupoa upesi kuliko mzazi wake. Ngozi yake ni kubwa ukilinganisha na uzito wake, kwa hiyo joto lina mlango mpana wa kutokea. Aidha, watoto wetu wengi ni wembamba, hawana mafuta mengi chini ya ngozi ya kuwakinga. Tena mtoto anayecheza hasemi. Ukimwuliza atakujibu, "Bado kidogo, baba," huku meno yakigongana.

Joto la mwili likishuka chini ya nyuzi 35, hiyo ni hali ya hatari inayohitaji hospitali. Katika bahari yetu si rahisi kufika huko kwa mchezo wa kawaida. Lakini muda mrefu kabla ya hapo mikono hulegea, miguu huchoka, misuli hukaza na akili huwa nzito. Mtoto aliyeweza kuogelea hadi kwenye ngazi ya boti saa nne asubuhi anaweza kushindwa saa tano. Huyo ataitwa aliyezama, wala hakuna atakayekumbuka kwamba kwanza alipoa.

MIWANI NA MRIJA HUFICHA DALILI

Hapa ndipo penye jambo ambalo wazazi wengi hawalijui. Mtoto anayepiga mbizi na kucheza mpira majini hutoa joto kwa kujitikisa, na sauti yake husikika. Anayetazama samaki kwa miwani na mrija huelea kifudifudi, ametulia, hasemi, na uso wake hauonekani. Tumbo na kifua vinapoa majini, huku mgongo, shingo na nyuma ya miguu vikiunguzwa na jua. Kwa kuwa mgongo una joto, haoni haraka kwamba anapoa. Na akipatwa na shida, kutoka mbali anaonekana vile vile alivyokuwa alipokuwa salama.

Kwa sababu hiyo mtoto mwenye miwani na mrija asiachwe peke yake hata kidogo. Mtu mzima anayejua kuogelea awe naye majini, umbali wa mkono. Kila baada ya dakika chache ampe ishara ainue uso, amtazame na kumwuliza jina au idadi ya samaki aliowaona. Akijibu kwa taabu, safari ya kurudi botini imefika. Mrija uwe mfupi unaomfaa mtoto, kwani mrija mrefu au mpana humfanya avute tena hewa chafu aliyoitoa. Jaketi la kuokolea maisha liwe la kipimo chake, wala lisiwe la baba. Nayo fulana yenye mikono mirefu humkinga na jua. Ndugu zetu wenye ualbino wanaihitaji zaidi, pamoja na kofia na mafuta ya kukinga jua, na kwao saa za katikati ya mchana si za kuogelea.

USIPIME BAHARI KWA MGUU WAKO

Wazazi wengi hupima maji ufukweni kwa kuchovya mguu. Kipimo hicho hudanganya. Maji yakipwa, yale machache yanayobaki juu ya mchanga huchomwa na jua yakawa ya joto sana. Boti inapotia nanga nje, penye kina, maji ni mengine. Basi apimwe mtoto mwenyewe. Tunashauri hivi:

1. Majira ya kusi, mtoto mdogo akae majini dakika 15 hadi 20, kisha atoke, akaushwe na kupumzika kabla ya kurudi. Majira ya kaskazi muda waweza kuongezeka, lakini mapumziko yasiachwe.

2. Akianza kutetemeka, atoke mara moja. Hapo hakuna "bado kidogo."

3. Kwa mtoto mwenye ngozi nyeusi tusingoje midomo igeuke buluu. Tumfunue mdomo tutazame ufizi na upande wa ndani wa midomo, na kucha pia. Zikiwa zimepauka au zina rangi ya kijivu, amepoa.

4. Mtoto aliyekuwa akitetemeka akaacha huku bado amelegea na kusinzia, huyo hajapata nafuu. Hali yake imezidi kuwa mbaya.

5. Mtoto wa chini ya miezi sita asitiwe baharini.

WANAOHITAJI UANGALIFU ZAIDI

Familia zenye mtoto mwenye ugonjwa wa selimundu, ambao wengi huuita sikoseli, zizingatie sana. Baridi na upungufu wa maji mwilini vyaweza kuamsha maumivu makali ya mifupa na viungo. Mtoto huyo aulizwe kwa daktari wake kabla ya safari. Akiruhusiwa, aingie kwa muda mfupi wakati wa maji ya joto, akaushwe mara atokapo, na anywe maji mengi. Mwenye pumu aende na dawa yake ya kuvuta ndani ya boti, si kuiacha hotelini. Mwenye kifafa asiingie majini bila ushauri wa daktari na mtu wa kumshika. Wazee nao hupoa upesi, ingawa huona haya kusema.

Watoto wote wapewe maji ya kunywa. Mtu aliye majini hahisi kiu, naye hukojoa mara kwa mara kwa sababu ya ubaridi, kwa hiyo hukaukiwa bila kujua.

UPEPO WA KURUDI

Wengi hupoa wakati wa kurudi kuliko walipokuwa majini. Boti ikielekea upepo wa kusi, na mtoto amekaa na nguo mbichi, upepo unaoikausha ngozi huondoa joto kwa haraka. Chukueni nguo kavu, taulo, khanga mbili tatu na chupa ya chai ya moto. Mtoto aliyepoa avuliwe nguo mbichi, akaushwe, afunikwe pamoja na kichwa, akumbatiwe na mtu mzima. Akiwa macho kabisa apewe chai yenye sukari. Asisuguliwe kwa nguvu, asimwagiwe maji ya moto, na asipewe pombe ya aina yoyote.

Wapo wanaodhani kutetemeka huko ni malaria. Baridi ya maji huisha mtoto akikauka na kupata joto. Homa ikija baadaye, apelekwe akapimwe, asipewe dawa kwa kubahatisha.

Akitolewa majini hapumui, msimning'inize miguu juu wala kumkandamiza tumbo ili atoe maji. Alazwe chali mahali pagumu, apulizwe pumzi 5 kwanza, kisha akandamizwe kifua mara 30 na kupulizwa pumzi 2, na kuendelea hivyo mpaka apumue au apatikane msaada. Hata akizinduka, apelekwe hospitali, hasa akiwa anakohoa au kuhema.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu 300,000 hivi walikufa maji duniani, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Mwaka huo huo Umoja wa Mataifa uliitenga tarehe 25 Julai kuwa siku ya kukumbushana namna ya kuzuia vifo hivyo. Kwetu siku hiyo huangukia katikati ya kusi, maji yakiwa yamepoa.

Basi, ndugu wazazi, wapelekeni watoto baharini wakaone matumbawe na samaki wa rangi zote. Lakini kabla boti haijang'oa nanga, kubalianeni ni nani atakayemtazama mtoto yupi, mtaje kwa majina, na huyo mtazamaji asiwe na simu mkononi.