Laptopu Ikikataa Stima, Tuanzie Wapi?

Siku hizi vikundi vingi vinaweka hesabu zao kwenye laptopu: akiba, mikopo na madeni ya kila mwanachama. Ni jambo zuri. Lakini siku mashine ikikataa kuwaka, hesabu zote zimefungiwa ndani, na watu wanaanza kumtazama mweka hazina kwa jicho baya.

Kikundi kimoja cha akina mama tulichokitembelea kilikuwa kimeshaanza kuchanga pesa za laptopu nyingine, maana waliambiwa yao "imekufa". Tulipofungua plagi tukakuta ni fyuzi imeungua. Basi tumeona tuwaeleze jinsi ya kutafuta shida, kuanzia ukutani hadi kwa mashine. Msiruke hatua.

1. Soketi. Chomekeni chaja ya simu kwa soketi hiyo hiyo. Simu isipoingia chaji, laptopu haina kosa. Angalieni soketi, ekstensheni au stima yenyewe.

2. Plagi. Plagi ya miguu mitatu huwa na fyuzi. Itoeni kwa soketi kwanza, ndipo mfungue. Wekeni fyuzi ya nambari ile ile iliyokuwamo, mara nyingi 3 au 5. Msiweke kipande cha waya wala karatasi ya sigara mahali pa fyuzi. Hapo mnaita moto.

3. Waya. Waya ya kutoka ukutani huingia kwa kisanduku cheusi, na mara nyingi hulegea hapo. Isukumeni iingie kabisa. Kama kisanduku kina taa na haiwaki, stima haifiki au chaja imeharibika. Ikiwa chaji inakuja na kupotea mkikunja waya, imekatika ndani. Kisanduku chenyewe msikifungue kamwe. Hubaki na stima hata baada ya kuchomolewa.

4. Tundu la laptopu. Zimeni mashine, mmulike tundu kwa tochi. Vumbi litoeni kwa brashi kavu, si sindano wala msumari. Kama kichwa cha chaja kinachezacheza, pelekeni kwa fundi achomelee upya mapema. Kukikaza kwa karatasi au kukifunga kwa mpira kunazidisha uharibifu.

5. Betri. Kama yenu inatoka, itoeni, chaja nayo ikiwa nje. Bonyezeni kitufe cha kuwasha kwa nusu dakika, kisha mchomeke chaja peke yake. Mashine ikiwaka, chaja ni nzima. Shida huenda iko kwa betri.

Mkienda kununua chaja, bebeni laptopu yenyewe. Someni nambari zilizoandikwa chini yake. Volti lazima zilingane: 19 kwa 19. Ampia zinaweza kuzidi, lakini zisipungue. Laptopu ya ampia 3.42 itatumia chaja ya 4.74 bila shida, lakini chaja ya ampia 2 itapata moto sana na kuharibika. Kichwa kuingia tu hakutoshi.

Stima ikipotea, chomoeni chaja. Ikirudi kwa nguvu yaweza kuiunguza.

Ya kujadiliana kikundini:
- Laptopu yetu ikizima leo, daftari la hesabu lipo?
- Mbali na katibu, ni nani mwingine anajua hatua hizi?
- Tumeweka akiba kidogo ya matengenezo, au tunangoja siku ya shida ndipo tuchange?