Jenereta na mashine za petroli: sheria inasemaje kuhusu kelele na moshi mtaani?

Umeme unapokatika mjini Isiolo, jenereta ndogo za petroli huanza kunguruma mbele ya maduka. Kwa mama anayehifadhi maziwa ya ngamia akisubiri gari la kwenda Eastleigh, Nairobi, ngurumo hiyo huokoa biashara. Kwa jirani mwenye mtoto mgonjwa nyuma ya ukuta huohuo, ni kelele na moshi usiku kucha. Sheria inawatambua wote wawili.

Nani anasimamia?

Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linazipa serikali za kaunti jukumu la kudhibiti uchafuzi wa hewa, kelele na kero nyingine za umma. Viwango vya kelele vimewekwa na kanuni za kitaifa za mwaka wa 2009, chini ya sheria ya mazingira inayosimamiwa na mamlaka ya NEMA.

Viwango ni vipi?

Kelele hupimwa kwa desibeli. Mchana, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa mbili usiku, viwango vya juu ni hivi:

- Eneo la biashara: desibeli 60, karibu sawa na sauti ya watu wanaozungumza kwa kawaida.
- Makazi yaliyochanganyika na biashara: desibeli 55.
- Nje ya nyumba katika eneo la makazi: desibeli 50.
- Maeneo ya ibada: desibeli 40.

Kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, kiwango hushuka hadi desibeli 35 katika maeneo haya yote.

Je, jenereta zimepigwa marufuku?

La. Kanuni hazikatazi mashine, zinakataza kelele inayosumbua au kuhatarisha afya ya wengine bila sababu ya msingi. Katika kuamua, huangaliwa saa ya kelele, ukaribu wa makazi, kama inaendelea mfululizo au kwa vipindi, na kama mwenye mashine angeweza kuipunguza bila gharama kubwa. Swali hili la mwisho ndilo linalowagusa wafanyabiashara wengi, kwa kuwa mara nyingi kupunguza kelele kunawezekana.

Kwa nini moshi pia ni tatizo?

Mashine nyingi ndogo, zikiwemo misumeno ya petroli na baadhi ya jenereta, hutumia petroli iliyochanganywa na oili. Katika injini za aina hii, hadi takriban asilimia 30 ya mafuta hutoka bila kuungua. Mwenye mashine hupoteza pesa, na jirani huvuta hewa chafu. Moshi huo pia una gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo huua watu wakiwa usingizini. Kwa hiyo, jenereta isiwashwe kamwe ndani ya nyumba au duka lililofungwa.

Miji mingine imefanya nini?

Washington, mji mkuu wa Marekani, ulipiga marufuku mashine za petroli za kupuliza majani makavu. Sheria ilipitishwa mwaka wa 2018 na kuanza kutumika Januari 1, 2022, ili watu wapate muda wa kununua mashine za betri. Kenya pia ilitoa muda kwa mifuko ya plastiki: tangazo lilitolewa Februari 28, 2017 na marufuku ikaanza Agosti 28 mwaka huohuo. Hata hivyo, majani makavu yanaweza kufagiliwa kwa ufagio, lakini maziwa hayawezi kusubiri umeme urudi. Ndiyo maana hapa suluhisho la kwanza ni kutumia mashine kwa uangalifu.

Mwenye mashine afanye nini?

- Aiweke nje, mbali na madirisha na milango. Mahali pa wazi, umbali ukiongezeka maradufu kelele hupungua kwa takriban desibeli 6.
- Abadilishe ekzosi iliyotoboka na asizidishe oili kwenye petroli.
- Usiku, awashe kwa ajili ya vitu vinavyoharibika, kama maziwa na dawa, na azime muziki na taa za mapambo.
- Akiweza, atumie sola na betri kwa taa na simu.
- Mwajiri akumbuke kuwa kanuni za kazi za 2005 haziruhusu mfanyakazi kukaa kwenye kelele inayozidi desibeli 90 kwa zaidi ya saa 8 kwa siku.

Anayesumbuliwa afanye nini?

Kwanza azungumze na jirani, au awahusishe wazee wa mtaa. Isipowezekana, aandike mahali, siku na saa za kelele, kisha apeleke malalamiko kwa msimamizi wa wadi, idara ya mazingira ya kaunti au afisi ya NEMA. Malalamiko yenye siku na saa humwezesha afisa kufika na kupima wakati mashine inanguruma.