Je, Wajua? Mwaka wa Mapapa Watatu
Mwaka 1978 Kanisa Katoliki liliongozwa na mapapa watatu. Paulo VI alifariki Agosti 6. Yohane Paulo I, aliyechaguliwa Agosti 26, akafariki Septemba 28, baada ya siku 33 tu. Oktoba 16 akachaguliwa Karol Wojtyła wa Poland, wa kwanza asiye Mwitaliano tangu karne ya 16. Wapo wanaomwona huyo wa katikati kuwa mpita njia, na kweli hakuacha ensiklika hata moja. Lakini ndiye aliyekataa kuvikwa taji. Mtu atasema Paulo VI alishaliweka taji kando. Naam, ila mwenyewe alikuwa amevikwa mwaka 1963. Tangu Yohane Paulo I, hakuna Papa aliyevikwa taji.