Mei Mosi na Wezi wa Siagi

Katika Ireland ya zamani, ukibisha hodi ukamkuta mama mwenye nyumba anasukasuka maziwa, hukusimama kutazama. Ulisema, "Mungu abariki kazi," kisha ukaushika mti wa kusukia, ukaupandisha na kuushusha ndani ya pipa lile jembamba la mbao, walau mara chache. Ukiondoka bila kuugusa, halafu siagi isitoke, jina lako lilikwishachafuka.

Hofu hiyo ya siagi kuibiwa kwa uchawi imejaa katika masimulizi ambayo watoto wa shule za msingi waliyakusanya kwa wazee wao kati ya 1937 na 1939, wakitumwa na tume ya kuhifadhi mila na ngano. Yanayonishika zaidi ni ya Mei Mosi. Siku hiyo moto haukutolewa nje ya nyumba, maziwa hayakutolewa, hata jirani akuombe vipi. Iliaminika kwamba mwenye husuda huamka kabla ya jua, akaburuta kitambaa juu ya umande wa malisho ya mwenzake, na tangu hapo siagi ya ng'ombe wale ikahamia kwake. Wengine walidaiwa kukoroga maziwa kwa mkono wa maiti! Walioshukiwa aghalabu walikuwa wanawake, na vikongwe wanaoishi peke yao hawakusalimika. Hilo linaniuma.

Lakini siwezi kuwacheka walioogopa. Siagi ndiyo iliyolipa kodi ya shamba. Katika karne ya 19 soko la siagi la Cork lilikuwa miongoni mwa makubwa kabisa duniani, huku wapangaji wengi waliolilisha wakiuza siagi na kula viazi. Mei ndipo ng'ombe walipopata majani mabichi, na maziwa ya miezi ile ndiyo yaliyoubeba mwaka. Siagi ikikataa kutoka, mwenye ardhi bado alitaka chake.

Tena baadhi ya kinga zilisaidia kweli. Walichoma chuma motoni, mathalani kiatu cha farasi, wakakiweka chini ya pipa ili kimuunguze mwizi alipo. Malai yakiwa baridi mno siagi haitoki. Yakipata joto kidogo mafuta hushikana. Na ule mkono wa mgeni ulimpumzisha mama ambaye mabega yalikwishakufa ganzi.

Mwaka 1889 kiwanda cha kwanza cha ushirika cha maziwa kilifunguliwa Dromcollogher, kaunti ya Limerick, na kadiri viwanda vya aina hiyo vilivyoenea, mapipa ya nyumbani yakaanza kuwekwa kando. Maziwa ya kijiji kizima yakamiminwa pamoja, ya mshukiwa na ya aliyemshuku, kila mmoja akilipwa kwa kipimo chake.