Kufundisha Hadithi ya Dunia Iliyoangamia

Mwalimu anayejiandaa kufundisha Kiswahili huenda akajiuliza: je, yafaa kumsimulia mtoto wa darasa la sita habari za dunia iliyoteketea? Yafaa, ikiwa mwalimu anaijua shabaha yake. Pasipo shabaha, somo litazaa hofu tu.

Tuchukue mfano wa Mzingile, riwaya ya Euphrase Kezilahabi iliyochapishwa mwaka 1991. Humo msimulizi anashuhudia dunia iliyoharibiwa na janga kubwa, na baada ya maangamizi hayo linachomoza tumaini la mwanzo mpya. Lugha yake ni ya mafumbo, wala haikuandikiwa watoto. Kwa hiyo mwalimu aisome mwenyewe, kisha atunge hadithi fupi yenye wazo kama hilo.

Hatua ya kwanza ni kuanza na kinachojulikana. Tuseme shule iko Mbamba Bay. Waulize wanafunzi: siku moja mkikuta ufuko hauna mitumbwi, usipa haukuanikwa, na mashamba ya muhogo yameungua, mngefanya nini kwanza? Wape nafasi ya kujibu kabla ya kusimulia. Mtoto akionyesha hofu, asichekwe. Aulizwe angemsaidia nani.

Hatua ya pili ni kutafuta sababu. Tetemeko la ardhi ni jambo la maumbile, lakini vita huamuliwa na watu. Mfano uko karibu. Mwezi Agosti 1914, meli ya Waingereza iitwayo Gwendolen ilifika Liuli, kaskazini ya Mbamba Bay, ikaishambulia kwa mzinga meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, iliyokuwa imepandishwa nchi kavu kutengenezwa. Nahodha wa Wajerumani alikuwa hajapata habari kwamba vita vimeanza. Uamuzi uliofanyika Ulaya ulifika Ziwa Nyasa kabla ya habari zake. Hapo wanafunzi watatambua kwamba janga la dunia halina mahali pa mbali.

Hatua ya tatu ni kutofautisha kubuni na kutabiri. Mwandishi wa hadithi za namna hii hasemi kwamba dunia itakwisha. Anauliza yatakayotupata tusipojirekebisha. Sarufi itakusaidia hapa. Kiambishi -nge- hutumika kwa jambo ambalo bado laweza kutendeka: "Watu wangesikilizana, mji usingeteketea." Kiambishi -ngali- hutumika kwa jambo ambalo wakati wake umekwisha pita: "Watu wangalisikilizana, mji usingaliteketea." Waonye wanafunzi wasichanganye viambishi hivyo viwili katika sentensi moja. Kila mmoja atunge sentensi mbili, moja ya kila namna, kuhusu ziwa au kijiji chake.

Mwisho, kusanya sentensi za -nge- ubaoni na uwaulize wanafunzi ni lipi kati ya hayo wanaloweza kulianza wao wenyewe. Somo lisifungwe kabla swali hilo halijajibiwa, kwani mtoto aliyesikia habari za maangamizi hafai kurudi nyumbani akidhani kwamba hakuna la kufanya.