Mpiga kura amekaa kiti gani?

Ukitoka Chalinze kuelekea Morogoro kwa basi, ukabahatika kupata siti ya mbele, utaona mazungumzo yasiyo na maneno. Lori linalokuja linamulika taa mara mbili. Dereva wako anapunguza mwendo, anakaa vizuri, mkono anauinua kidogo kushukuru. Mbele kuna tochi ya kupima mwendo. Kibao cha 50 kilikuwa hapohapo na jana, na watoto wa shule wanavuka hapohapo kila siku, lakini aliyeheshimiwa ni askari aliyejibanza chini ya mwembe.

Hiyo 50 ilitoka wapi? Jibu la kisheria ni fupi: Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inataka kilomita 50 kwa saa kwenye makazi ya watu, na kwingineko 80 kwa magari yenye uzito unaozidi kilo 3,500. Ila sheria haisemi kwa nini 50 na si 45 au 60. Wahandisi wana kipimo chao, ambacho Marekani kimetumika kwa miaka mingi: wanapima magari yanayopita bila bughudha, kisha wanachukua mwendo ambao magari 85 kati ya 100 hayauzidi. Hicho ndicho kinachopendekezwa kiandikwe kwenye kibao. Ukikitazama vizuri, ni uchaguzi ambao watu wanapiga kura kwa mguu wa kulia. Anayetembea kwa miguu hayumo kwenye daftari.

Mwaka huohuo wa 1973, Wamarekani walianza ugomvi ambao ungewachukua zaidi ya miaka 20. Oktoba nchi za Kiarabu ziliwakatia mafuta kwa sababu ya vita na Israel. Rais Richard Nixon akapendekeza magari madogo yasizidi maili 50 kwa saa, malori na mabasi 55. Madereva wa malori wakazuia barabara kuu Desemba. Januari 2, 1974, Nixon akatia saini sheria ya maili 55 kwa wote, yaani kama kilomita 88. Shabaha ilikuwa lita za petroli, si roho za watu.

Na ilipitishwa kwa ujanja. Kikatiba, vibao vya barabarani ni mali ya majimbo, kwa hiyo serikali ya Washington haikuamrisha. Ilisema tu kwamba jimbo litakaloweka mwendo wa juu zaidi lisahau fedha za barabara. Miezi michache baadaye majimbo yote yalikuwa yamekubali. Mwenye mkoba haamrishi, anakumbusha.

Kisha likatokea jambo ambalo halikuwa kwenye hotuba. Mwaka 1973 barabara za Marekani ziliua watu zaidi ya 54,000. Mwaka uliofuata idadi ikashuka hadi kama 45,000. Sehemu ya upungufu huo ilitokana na watu kusafiri kidogo, kwani mafuta yalikuwa ghali. Hata hivyo, mafuta yaliporudi sheria ilibaki, sasa ikitetewa kwa hoja ya usalama. Ilikuwa imezaliwa kwa jina moja na kukulia kwa jina lingine, na watu wa magharibi ya nchi, ambako barabara inanyooka mpaka macho yanachoka, hawakusahau jina la kwanza.

Jimbo la Montana lilionyesha kinyongo kwa tabasamu. Ukikamatwa mchana umezidisha mwendo, ulitozwa dola 5, kosa likiwa kupoteza mafuta. Unalipa palepale, unawasha gari, unaendelea. Sheria ilitekelezwa, fedha za Washington zikaendelea kuja, na hakuna aliyepunguza mwendo. Mwaka 1987 Bunge la Marekani liliruhusu maili 65 kwenye barabara kuu za mashambani, na Novemba 1995 Rais Bill Clinton akaifuta kabisa sheria ya kitaifa. Montana ikarudi kwenye kanuni yake ya zamani: mchana endesha kwa busara. Mahakama Kuu ya jimbo hilo ikaja kusema mwaka 1998 kwamba busara haina namba, kwa hiyo mtu hawezi kuadhibiwa kwayo. Mwaka uliofuata wakaandika 75.

Nikiisoma habari hii, kinachonigusa ni nani alikuwa akilalamika. Mpiga kura wa Marekani ameshika usukani. Kila kibao kinamsema yeye.

Sasa vuka uje Nairobi, Februari 2004. Waziri wa Uchukuzi, John Michuki, alikuwa ametoa kanuni: kila matatu iwe na kidhibiti mwendo kinachoikatalia kuvuka kilomita 80, mikanda ya usalama, mstari wa manjano ubavuni, na abiria wasizidi idadi ya viti. Muda ulipokwisha, magari ambayo hayakutimiza masharti yalitoweka barabarani na wakazi wa jiji wakatembea kwa miguu kwenda kazini, maili na maili. Kwa hesabu za kawaida za siasa, waziri huyo alipaswa kuondoka kabla ya wiki kwisha. Hakuondoka, na hadi leo Wakenya wanazitaja Sheria za Michuki kwa heshima, hata baada ya utekelezaji wake kulegea. Sababu ni kwamba mpiga kura wa huku kwetu amekaa siti ya nyuma, magoti yamebana, akimwomba Mungu dereva asipitiwe na shetani wa kushindana. Wenye magari walikuwa na sauti kubwa. Abiria walikuwa wengi.

Tanzania nako kwa karibu miaka 30 mabasi yalikatazwa kusafiri usiku, hadi mwaka 2023. Katazo lilitolewa kwa ajili ya usalama, lakini dereva wa Mwanza au Bukoba alijua jua linamdai. Kibao kilimwambia 80, saa ikamwambia kimbia.

Na wale wasio na siti kabisa? Wao wamebuni njia yao. Mtoto anagongwa, wanakijiji wanatoka na magogo, wanafunga barabara, foleni inafika kilomita kadhaa. Diwani anakuja, mkuu wa wilaya anakuja. Hawaombi kibao, kwa kuwa wanacho. Hawaombi tochi, kwa kuwa jioni inaondoka. Wanataka matuta, na mara nyingi wanayapata kabla ya uchaguzi. Mabasi yanayapanda taratibu, abiria wanaguna, mizigo juu inagongana, na mama anayeuza nyanya kando ya barabara anapata muda wa kukimbilia dirishani na sado lake.