Daraja Lenye Anwani Moja: Istilahi ya Mtandao wa Kompyuta katika Mpaka wa Kasese

Makala haya yanafafanua ugawaji wa anwani za IP katika daraja la mtandao, na kuonesha jinsi istilahi "daraja" inavyoweza kumpotosha fundi anayejifunza kazi hiyo kwa Kiswahili.

Kwa mkazi wa Bwera, daraja ni lile la Mpondwe juu ya Mto Lhubiriha. Huku ni Uganda, ng'ambo ni Kongo. Kila upande una sheria na maofisa wake, na anayevuka hukaguliwa. Daraja la mtandao halifanyi hivyo. Huunganisha sehemu mbili zikawa mtandao mmoja, nalo hupitisha data kwa kutazama anwani za maunzi, si za IP. Kinachofanana na kituo cha Mpondwe ni ruta, ambayo huunganisha mitandao inayobaki tofauti.

Tofauti hiyo ina matokeo katika utendaji. Ichukuliwe kwamba ofisi ya mwalo wa Kasenyi, kando ya Ziwa George, ina kompyuta yenye kadi mbili za mtandao: moja ya kebo ya ofisi, nyingine ya kebo ya ghala. Fundi mwenye picha ya Mpondwe akilini ataipa kila kadi anwani yake. Mawasiliano yatavurugika, kwa kuwa kadi iliyoingizwa katika daraja hukabidhi daraja data yote inayoipokea. Utaratibu sahihi ni kuziondolea kadi zote mbili anwani, kisha kulipa daraja lenyewe anwani moja, kwa mfano 192.168.10.2, ruta ikiwa na 192.168.10.1. Vifaa vya ofisi na vya ghala hupata anwani za safu hiyohiyo kutoka seva moja ya ugawaji. Seva mbili zisizoratibiwa zaweza kuvipa vifaa viwili anwani ileile. Aidha, anwani ya daraja ni ya kuifikia na kuisimamia kompyuta hiyo tu. Data hupita hata isipokuwepo.

Mnamo Julai 2022, Baraza la Mawaziri la Uganda liliridhia Kiswahili kiwe lugha rasmi na somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Iwapo lugha hiyo itafundishia pia ufundi, kutafsiri neno hakutoshi. "Daraja" libaki, lakini fasili yake itamke bayana: huunganisha sehemu za mtandao mmoja, na anwani ni ya daraja, si ya ncha zake.